Kelele za Ndege Kiembesamaki: Mtu Alalamike kwa Nani?

Jumamosi moja ya Julai, kusi likivuma, nilikwenda kumtembelea maalim mmoja ambaye chuo chake hakiko mbali na ukuta wa kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume, Kiembesamaki, Unguja. Watoto kiasi ya thelathini walikuwa mikekani, kila mmoja na juzuu yake, wakisoma kwa sauti. Mara sauti zao zikaanza kumezwa. Kwanza ulikuja mngurumo wa mbali upande wa mjini, kisha bati la paa likatetema kwenye misumari yake, halafu ikawa humsikii hata aliyekaa ubavuni kwako. Maalim akainua mkono. Watoto wakanyamaza kwa pamoja, kila mmoja kidole chake kimebaki juu ya herufi aliyofikia. Ndege ikapita, magurudumu nje, kivuli chake kikakata ua na kutoweka. Maalim akashusha mkono na kisomo kikaendelea pale pale kilipokatika. Kwa saa mbili nilizokaa, mkono ule uliinuka mara nane.

Watoto walipotawanyika akanimiminia kahawa, akaniuliza: "Ndugu yangu, kelele hizi zina mwenyewe? Mtu akitaka kulalamika, alalamike kwa nani?" Alikuwa ameshajaribu. Alianza kwa sheha, kama inavyopasa. Sheha akamwelekeza ofisi moja, ofisi ile ikamwambia mambo ya ndege si yao. Akenda ya pili, huko akaambiwa mambo ya makaazi si yao. Na wote wawili walimwambia kweli. Kelele za ndege hazina mwenyewe mmoja. Chombo kina sheria yake, anga ina mwenyewe wake, na ardhi ina mwenyewe mwengine kabisa. Mlalamikaji asiyejua ni kipi anakilalamikia huzunguka mpaka viatu vikaisha.

Kuku wa Causby

Zamani sheria ya Kiingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi, ilikuwa na kauli kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilicho juu yake hadi mbinguni. Kauli hiyo haikumdhuru mtu mpaka ndege zilipoanza kuruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfugaji mmoja wa kuku katika jimbo la North Carolina, Marekani, aitwaye Causby, alijikuta jirani na kiwanja kilichokuwa kikitumiwa na ndege za jeshi. Zilikuwa zikipita futi 67 juu ya paa la nyumba yake, na futi 18 tu juu ya mti wake mrefu kuliko yote. Kuku wakiingiwa na fazaa huruka na kujibamiza ukutani. Walikufa kiasi ya 150, na ufugaji ukamshinda.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1946. Majaji walisema mambo mawili ambayo wanasheria wanayanukuu hadi leo. Kwanza, ile kauli ya "hadi mbinguni" haina nafasi tena: anga ni njia ya umma, la sivyo kila ndege ingeshitakiwa na kila shamba inalolivuka. Pili, ndege zikipita chini mno na mara nyingi mno hata mtu akashindwa kuitumia ardhi yake, hapo amenyang'anywa mali, na lazima alipwe.

Suali lililofuata lilikuwa nani alipe. Mwaka 1962, katika shauri la mkaazi wa karibu na kiwanja cha Pittsburgh, mahakama hiyo hiyo ikasema alipe mwenye kiwanja, yaani serikali ya wilaya iliyokijenga, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua pa kukijenga na ndiye aliyeamua anunue ardhi kiasi gani kukizunguka. Lakini mwaka 1973 mji wa Burbank, California, ulipotunga sheria yake ya kuzuia jeti zisiruke kutoka saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, majaji waliifuta kwa kura 5 dhidi ya 4. Anga na saa za kuruka ni za serikali kuu, wakasema. Kila mji ukijiwekea saa zake, usafiri wa anga wa nchi nzima utavurugika.

Nimeanza na Marekani kwa sababu kule fundo lilifunguliwa mbele ya majaji, na kila kamba ikaonekana: baraza la mji haliwezi kuiambia ndege iruke saa ngapi, lakini aliyejenga kiwanja hawezi kujifanya haimhusu.

Kwa jirani zetu wa Kenya fundo hilo limeandikwa ndani ya Katiba ya 2010 yenyewe. Jedwali la Nne linaipa serikali ya taifa usafiri wa anga, na jedwali hilo hilo linazipa kaunti udhibiti wa kelele na kero nyengine za umma. Mkaazi wa South C au Lang'ata, Nairobi, anayesumbuliwa na ndege ndogo za kiwanja cha Wilson, kelele zake ni za kaunti na ndege yake ni ya taifa. Kaunti inaweza kumfuata mwenye baa aliyefungulia muziki usiku kucha. Rubani haimuwezi.

Kwetu, kamba ni nyingi zaidi

Zanzibar fundo hili lina mzingo mmoja wa ziada, nao ni Muungano. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Kwa hivyo anayesajili ndege, anayempa rubani leseni na anayeongoza ndege kutoka mnarani ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, chombo kimoja kwa Bara na Visiwani. Lakini kiwanja chenyewe, kuanzia njia ya kurukia, maegesho hadi majengo ya abiria, kinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, iliyo chini ya Serikali ya Mapinduzi. Mazingira nayo si jambo la Muungano, na ardhi pia si jambo la Muungano.

Hapa watu wengi hujikwaa. Utamsikia mtu barazani akisema kwa uhakika, "Kuna kanuni za kelele za mwaka 2015, nimeziona kwenye simu." Ni kweli zipo, kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, lakini zimetungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, ambayo ni ya Bara. Haivuki maji. Kwetu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, nayo kwa sadfa ni ya 2015, iliyounda mamlaka yetu ya mazingira, ZEMA. Anayekwenda kulalamika na karatasi ya Bara mkononi atarudishwa, na aliyemrudisha hatakuwa na kosa.

Kwa hivyo ndege inayoshuka juu ya chuo cha maalim inapita mikono mitatu ndani ya dakika tatu. Ikiwa hewani, iko kwa TCAA. Magurudumu yakigusa lami, iko kwa wenye kiwanja. Na kishindo chake kinachoangukia kwenye mikeka kimeangukia ardhi ya Zanzibar, chini ya sheria ya mazingira na mipango miji ya Zanzibar.

Chombo chenyewe

Kelele za injini hazipangwi na nchi yoyote peke yake. Tanzania, kama karibu kila nchi duniani, imefungwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, na kiambatisho chake cha 16, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, ndicho kinachosema ndege iruhusiwe kupiga kelele kiasi gani. Kila aina ya jeti hupimwa sehemu tatu kabla ya kupewa cheti: mita 450 pembeni mwa njia, kilomita 6.5 kutoka inapoanza kukimbia, na kilomita 2 kabla ya kufika kwenye njia wakati wa kutua. Viwango hivyo vimekuwa vikikazwa kwa awamu. Jeti kubwa za usanifu mpya zinazoombewa cheti tangu mwisho wa 2017, ukijumlisha vipimo vyote vitatu, zinatakiwa ziwe chini kwa desibeli 17 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuliko ilivyokubalika katika kiwango cha mwishoni mwa miaka ya 1970. Huo ni unafuu mkubwa, na wazee waliokaa Kisauni miaka mingi wanaukumbuka mlio wa jeti za zamani.

Njia ya kwetu ina urefu wa mita 3,022. Hesabu kile kipimo cha kilomita 6.5: ndege ikianza kukimbia kutoka kusini, kipimo kinaangukia kiasi ya kilomita tatu na nusu baada ya njia kwisha upande wa kaskazini. Hapo ni mjini, penye nyumba zilizobanana.

Ndege ndogo za propela, kama Cessna Caravan zinazokwenda Dar, Pemba na mbugani, zina sura yao katika kiambatisho hicho hicho, na hupimwa mahali pamoja tu, mita 2,500 kutoka zinapoanza kukimbia. Mlio wao mkali hutoka zaidi kwenye ncha za propela, ambazo wakati wa kuruka huzunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti. Rubani akipunguza mizunguko mara tu anapofika juu kwa usalama, mlio hushuka, na walio chini huujua mara moja.

Lakini vipimo hivi vyote havihusu ndege iliyosimama. Jeti kubwa ina injini ndogo mkiani inayoipa umeme na hewa baridi ikiwa imeegeshwa, na mlio wake, ule mvumo mwembamba usiokatika, ndio unaowaamsha wengi wetu usiku bila kujua umetoka wapi. Dawa yake ni rahisi: ndege ichomekwe umeme wa jengo na injini ile izimwe. Hilo halihitaji mkataba wa dunia wala kikao cha Muungano. Ni jambo la mwenye kiwanja na mashirika anayoyapokea, na kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu litekelezwe haraka, ningeomba hili.

Wastani unavyoficha

Sasa tufike kwenye namba, maana hapo ndipo raia huzidiwa maneno na wataalamu.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Jenereta mbili zinazofanana, kila moja desibeli 80, zikiwashwa pamoja hazifanyi 160, zinafanya 83. Na kwa masikio yetu, ongezeko la desibeli 10 husikika kama kelele imekuwa mara mbili. Kwa hivyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi huweza kuwa kubwa sana kitandani.

Jambo la pili ni wastani. Sheria nyingi za kelele za ndege hazipimi kishindo kimoja kimoja. Hukusanya kelele za mchana na usiku, au za mwaka mzima, na kutoa namba moja. Ulaya hutumia wastani unaoongeza desibeli 5 kwa kelele za jioni na 10 kwa za usiku, kwa kuwa usiku huumiza zaidi. Chukua ndege moja inayopita saa 9 usiku na kukupigia desibeli 85 kwa sekunde 20. Nyumba nzima imeamka, mtoto analia. Igawe kelele ile kwa saa nane za usiku, na wastani utakaoandikwa ni desibeli 53. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yako karibu 60. Mtu akikuonyesha ile 53 atakwambia, "Mbona ni ndogo kuliko maongezi?" Naye hajakudanganya, lakini wewe hukuamshwa na wastani. Uliamshwa na sekunde 20.

Hata hivyo, wastani wenyewe ukisomwa vizuri unaweza kuwa upande wa mwananchi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2018 lilipendekeza kelele za ndege za usiku zisizidi wastani wa desibeli 40. Ndege yetu moja ya kila usiku imeshaupita kwa 13. Zikija mbili, wastani unakuwa 56. Kwa hivyo ukipewa namba yoyote ya kelele za ndege, uliza mambo mawili: ni wastani wa saa ngapi, na kishindo kikubwa kabisa kilikuwa kiasi gani.

Upepo ndio unaopanga zamu

Namba 18 na 36 zilizochorwa kwa rangi nyeupe kwenye ncha za njia yetu ni za dira: digrii 180, kusini, na 360, kaskazini. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Kusi likivuma, hutua ikielekea kusini, na ili ifanye hivyo lazima ije kutokea kaskazini, juu ya mji, chini chini, kama ilivyokuja juu ya chuo cha maalim. Kisha ikiruka, huelekea kusini, na wa upande wa Chukwani ndio wanaosikia injini zikiwa kwenye nguvu zake zote. Kaskazi likishika, mambo hugeuka: kutua hutokea kusini, na mji ndio unaorukiwa.

Hakuna ofisi iliyoupanga mgawanyo huu. Watu wa Heathrow, London, wamepigania miaka mingi kupata kitu kinachofanana nao: kule njia mbili hubadilishana kazi ikifika saa 9 alasiri, ili wanaokaa chini ya njia moja wapumzike nusu ya siku. Sisi pepo za msimu zimetupa nusu ya mwaka kila upande. Ndiyo maana malalamiko ya mtu wa Chukwani na ya mtu wa Kiembesamaki hayafanani, na anayepima kelele mwezi mmoja tu, akaandika ripoti, amepima msimu mmoja na upande mmoja.

Kuhusu kufunga usiku, ipo miji iliyofanya. Frankfurt imezuia safari za ratiba kutoka saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri tangu mwaka 2011. Sydney ina sheria ya 1995 inayofunga saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Heathrow haikufunga, imewekewa idadi, safari 5,800 kwa mwaka kati ya saa 5:30 usiku na saa 12 asubuhi. Lakini makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2001 yanataka kuzuia kuzingatiwe baada ya mambo matatu kuangaliwa: ndege zenye kelele ndogo, mpango wa ardhi, na namna ya kurusha na kutua. Kisiwa kinachoishi kwa watalii wanaotua saa zote hakitafunga kiwanja chake kwa wepesi, na mimi sidhani kwamba hapo ndipo pa kuanzia.

Ulaya pia hulipia madirisha. Karibu na viwanja vikubwa, wakaazi husaidiwa kuweka vioo viwili na dari nzito. Fikra nzuri, lakini iweke Unguja mwezi wa Februari. Nyumba zetu mpya ni za matofali na bati, na dirisha liko wazi kwa sababu bila upepo hapalaliki. Ukiziba kelele umeziba hewa, na umeme wa kupoza chumba usiku kucha si wa kila mtu. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe zingesaidia, ila hakuna anayejenga hivyo tena. Basi njia ambayo nchi baridi huiegemea sana, kwetu ina mguu mmoja.

Ardhi

Inabaki ardhi, na hapa napandisha sauti kidogo, kwa sababu hii ndiyo kamba iliyo mikononi mwetu wenyewe, bila kumsubiri mtu wa Dodoma wala wa Montreal, yaliko makao ya shirika la dunia la usafiri wa anga.

Marekani hutumia wastani wa desibeli 65 wa mchana na usiku kama mstari: ndani yake, nyumba za kuishi huhesabiwa kwamba hazifai mpaka zizibwe vizuri. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, kila kiwanja chenye safari zaidi ya 50,000 kwa mwaka lazima kichorewe ramani ya kelele na wananchi waione. Mnunuzi anafungua ramani, anaona rangi, anajua anachonunua. Kwetu anayenunua uwanja huuliza maji, umeme, njia ya gari na hati. Upande wa ndege huujua siku ya kwanza anapolala.

Wapo wanaosema kosa ni la wakaazi, kwani kiwanja kilikuwepo tangu kikiitwa Kisauni na nyumba zimekifuata. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Njia ilirefushwa, jengo jipya la abiria likaja, ndege zikaongezeka na kukua. Aliyejenga jirani na kiwanja kidogo hakukubali kiwanja kikubwa. Kule Dar, upanuzi ulipofika, watu wa Kipawa na Kigilagila walihamishwa kabisa, na aliyewaona wakifungasha anajua kwamba kuchelewa kupanga ardhi huishia kulipwa na mnyonge. Wala watu wasichanganye: masharti ya urefu wa majengo karibu na kiwanja ni ya usalama wa ndege, hayakuwekwa kwa ajili ya masikio. Nyumba ya chini inaruhusiwa mahali ambapo mtoto hawezi kulala.

Ninachokiona mimi ni kwamba skuli, vyuo na hospitali mpya visipewe viwanja chini ya mstari wa kutua na kuruka, na ramani ya kelele ya Kiembesamaki ichorwe kwa misimu yote miwili na ibandikwe kwa kila sheha. Pemba nafasi ipo zaidi. Kiwanja cha Chake Chake kina njia ya kiasi ya kilomita moja na nusu na hupokea ndege ndogo; kikipanuliwa, mashamba yaliyo kwenye ncha zake yapangwe kabla ya matofali ya kwanza. Na sheria ya mazingira inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari. Kikao cha tathmini ndicho kikao cha kuuliza ndege zitapita juu ya nani.

Nilipomweleza maalim haya yote, kahawa ilikuwa imeshapoa. Nikamwambia malalamiko yanayosikilizwa ni yale yenye saa, upande na upepo: ndege iliyo hewani yapelekwe TCAA, iliyosimama ikinguruma yapelekwe kwa wenye kiwanja, na kelele za siku baada ya siku juu ya chuo yapelekwe ZEMA, nakala kwa sheha. Akatoa daftari la mahudhurio ya watoto, akaligeuza nyuma, akapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, upande, upepo. Akafikiri, akaongeza mstari wa tano, akauandika juu "mkono". Chini yake akaanza: Jumamosi, asubuhi, kutoka mjini, kusi, mara nane.